Kizinda hakitoi ushahidi

Dhana: Kizinda ni kifuniko kinachokaa kimefungwa hadi usiku wa harusi.

Ukweli: Damu ya hedhi basi ingepitia wapi? Kizinda ni utando laini mlangoni mwa uke, mara nyingi wenye umbo la pete au mwezi mwandamo, na tayari una uwazi wake. Wachache sana huzaliwa kimeziba kabisa. Hao huumwa tumbo kila mwezi bila kuona damu, mpaka wafanyiwe upasuaji mdogo.

Dhana: Bibi harusi asipotoka damu, kuna aliyemtangulia bwana.

Ukweli: Wengi hawatoki damu hata tone, kwani msichana akibalehe kizinda hulainika na kunyumbuka. Ikitoka, mara nyingi ni woga, ukavu na haraka. Shangazi anayesubiri shuka asubuhi anakagua tu pupa ya bwana harusi.

Dhana: Baiskeli humtoa msichana ubikira.

Ukweli: Hapana. Busia nzima, mji wa baiskeli, ingekuwa mashakani.

Dhana: Anayejua kuangalia atasema kama mtoto ameguswa.

Ukweli: Hapa ndipo watoto wetu wanapoumizwa mara ya pili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwachunguza wasichana 36 wenye mimba, au waliokuwa nayo karibuni. 2 tu ndio walioonyesha alama za wazi za kuingiliwa. Wenye mimba, jamani! Michubuko ya sehemu hiyo hupona upesi, mara nyingi bila kovu. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka upimaji wa ubikira upigwe marufuku, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inakataza kumpima mtoto ubikira. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo haidai kizinda kichanike. Kuingiliwa hata kwa sehemu tu kunatosha.

Lakini bado, mtoto akisema amenajisiwa, kuna anayempeleka kwanza kwa nyanya fulani. Nyanya akisema "huyu mzima", wazee wanakula mbuzi na kesi imeisha. Wakati huo saa zinakwenda: dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72. Usimwogeshe. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, mkimbize hospitali. Kwa Kisumu, ni hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado wanaiita Russia. Usipojua pa kuanzia, piga simu 116 (ya watoto) au 1195 (ya ukatili wa kijinsia), ni bure.