Saa nane si saa mbili: namna ya kumfikia GP wako England

Mama mmoja wa Pemba, umri wake umeshapita miaka sitini, alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne akanikabidhi. Ulikuwa ukurasa wa kalenda ya bucha. Nyuma yake ameandika kwa kalamu: Jumatatu 8:00, Jumanne 8:05, Jumatano 8:00, mpaka wiki ya pili. Mwisho wa kila mstari kuna neno lilelile: zimekwisha. Alikuwa akipiga simu kituoni kwetu, kituo cha madaktari wa familia (ndio wanaoitwa GP), kuomba miadi, na kila siku anaambiwa nafasi zimekwisha, apige kesho.

Nikaenda kuangalia kumbukumbu za simu. Namba yake ilikuwepo, siku zote alizoandika, lakini kwa saa za hapa ilikuwa 14:00. Mapokezi walimwambia apige 'eight'. Mjukuu wake wa miaka tisa, ambaye ndiye mkalimani wa nyumba ile, akamtafsiria anavyojua: nane. Naye, kama yeyote aliyelelewa kwa saa za Kiswahili, akawa anapiga saa nane mchana. Nafasi za siku huwa zimeisha tangu asubuhi.

Alichotaka kusema kwa wiki mbili zile ni kwamba anatokwa na damu, miaka kumi na miwili tangu hedhi ikome. Hakutaka neno hilo lipite kinywani mwa mjukuu, kwa hiyo kwenye simu mtoto alisema bibi anaumwa tumbo. Damu baada ya hedhi kukoma, hata tone, hata mara moja tu, ni jambo la kuangaliwa haraka, kwa sababu mara nyingine huwa ni dalili ya saratani ya mji wa mimba. Rufaa yake ilitoka siku ileile tulipoonana. Ameniruhusu nilisimulie bila kumtaja jina.

Mimi ni daktari wa familia, na kituoni kwetu nimepewa kazi ya kutoa elimu kwa wagonjwa wanaozungumza Kiswahili: Wazanzibari, Wakongomani, Wabarawa, Wakenya, na wengineo. Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni kwamba GP hapatikani. Ni kweli hapatikani kwa urahisi, na sitamwambia mtu aliyekaa dakika arobaini akisikiliza muziki wa simu kwamba anatia chumvi. Ninachotaka kueleza ni kwamba simu ya asubuhi si mlango pekee, na kwamba ukiambiwa 'piga kesho' unayo haki ya kusema neno. Ninazungumzia England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Kwanza elewa kwa nini tumefika hapa. Watu walioandikishwa kwa ma-GP England wamepita milioni 63. Ukihesabu madaktari wa familia waliohitimu kwa saa wanazofanya kazi, mwaka 2024 walikuwa wachache kuliko mwaka 2015, ilhali wagonjwa wameongezeka na wanaishi miaka mingi zaidi na presha, sukari na maradhi ya moyo. Sehemu kubwa ya fedha za kituo hutokana na idadi ya walioandikishwa, si idadi ya mara wanazokuja. Miadi ya kawaida ni dakika kumi.

Jumatatu saa mbili kamili asubuhi niliwahi kusimama nyuma ya dawati la mapokezi. Wahudumu watatu, kila mmoja na spika zake masikioni. Kwenye skrini namba ya simu zinazosubiri ilianza na sita, nikageuka kuvua koti, nilipotazama tena ilikuwa thelathini na nane. Miraba ya kijani kwenye ratiba ikawa inageuka myekundu mmoja baada ya mwingine. Saa mbili na nusu haijafika, tumebakiwa na nafasi za dharura tu. Mhudumu wa mwisho upande wa dirisha alikuwa akisema 'samahani' hadi sauti ikamkauka. Yeye hakuutunga utaratibu huu, lakini ndiye anayetukanwa.

Sasa haki yako. Mkataba wa ma-GP wa mwaka 2023 uliagiza kwamba mgonjwa anapowasiliana na kituo kwa mara ya kwanza, shida yake ipimwe uzito au aelekezwe huduma inayofaa. Kumwambia apige siku nyingine si jibu linalokubalika tena. Haina maana kwamba utamwona daktari siku hiyohiyo. Maana yake ni kwamba usiondoke mikono mitupu: upewe tarehe, au upigiwe simu, au uelekezwe kwa nesi, mfamasia au mwingine. Sisi tumelelewa kutosumbua watu. Tukiambiwa hakuna nafasi tunasema 'haya, asante' na simu tumekata. Naomba safari hii usikate. Sema kwa upole: siwezi kupiga tena kesho, naomba shida yangu ipimwe leo.

Ili shida ipimwe, lazima uitaje. Wengi huona mhudumu anayeuliza 'una tatizo gani' ni mmbeya. Si umbea. Amefundishwa kupanga nani aende kwa nani, na anafungwa na wajibu wa kutunza siri kama mimi. Kama ni jambo la ndani, sema ni jambo la siri na ungependa kuongea na nesi au daktari wa kike, au wa kiume. Lakini usilifiche likawa dogo. 'Nina kikohozi' na 'nakohoa wiki ya nne sasa, nimeanza kutoa damu' ni sentensi mbili zinazokupeleka sehemu mbili tofauti. Taja limeanza lini, linaongezeka au la, na kama kuna damu, uvimbe, au unapungua uzito bila kujinyima. Kifua kikibana, uso ukipinda upande mmoja au mtu akishindwa kupumua, achana na GP, piga 999. Kituo kikiwa kimefungwa na huwezi kungoja, piga 111.

Mlango wa pili ni wa mtandaoni. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, vituo vyote vya England vinatakiwa kuacha wazi fomu ya maombi ya mtandaoni muda wote wa kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Zamani baadhi ya vituo vilikuwa vinaifunga saa tatu asubuhi ikishajaa. Kwa mtu anayefanya kazi ya zamu, anayesafisha ofisi alfajiri au kulea wazee usiku, fomu hii ni bora kuliko simu: unaijaza wakati wa mapumziko ya chai. Usiyeweza mtandao hulazimishwi. Piga simu au nenda dirishani mwenyewe. Tena uliza miadi ya jioni au ya Jumamosi. Vituo vya eneo moja hushirikiana kutoa miadi hadi saa mbili usiku siku za kazi, na Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ila huenda ukatumwa kituo cha jirani. Wagonjwa wangu wengi hawajawahi kusikia habari hii, na sisi hatukuitangaza vya kutosha.

Jambo la mkalimani ndilo linalonikera zaidi. Mkalimani ni bure kwako. Hulipi hata senti. Mwongozo wa NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, wa mwaka 2018 unataka atumike mkalimani aliyesomea kazi hiyo badala ya ndugu au mtoto, na miadi yenye mkalimani iwe mirefu zaidi, kwa kawaida maradufu. Dakika ishirini badala ya kumi. Nimeona mvulana akitazama viatu vyake huku akitafuta neno la Kiingereza la uke wa mama yake. Nimeona binti akimficha baba yake neno 'saratani' kwa sababu hakuwa na moyo wa kulitamka. Watoto wale hawakukosea. Ni sisi wakubwa tuliowatwika mzigo. Unapoomba miadi sema tu: Kiswahili, mkalimani. Na useme Kiswahili cha wapi, kwa maana mzee wa Bukavu na bibi wa Pemba hawasikilizani kila neno. Omba iandikwe kwenye faili lako ili usirudie kila mara.

Kwa shida ndogo, mfamasia anaweza kukumalizia bila GP. Tangu tarehe 31 Januari 2024 maduka mengi ya dawa England yanatibu mambo saba, na mfamasia akiona inafaa anatoa hata dawa ya antibayotiki: koo, maumivu ya sikio kwa watoto na vijana, sainasi, kuumwa na mdudu kukaingia vidudu, impetigo (vidonda vya ngozi vya kuambukiza), mkanda wa jeshi, na mkojo wa kuchoma kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64 wasio wajawazito. Presha nayo hupimwa huko bure kwa aliyetimiza miaka 40.

Kuna wanaosoma hapa ambao hawana GP kabisa, kwa hofu ya karatasi za uhamiaji. Sikilizeni vizuri. Kuandikishwa kwa GP England hakuhitaji pasipoti, kitambulisho, wala uthibitisho wa anwani, na kumwona GP ni bure kwa kila mtu bila kujali hali yake ya ukaaji. Kituo kikikukatalia, kinatakiwa kukupa sababu kwa maandishi ndani ya siku 14. Iombe barua hiyo. Mara nyingi ukiiomba, fomu hupatikana. Hospitali ni habari nyingine, huko baadhi ya matibabu hutozwa, kwa hiyo uliza kabla.

Umefika kwa daktari, umepewa dawa, hujapona. Rudi. Jessica Brady alikuwa mhandisi wa miaka 27. Mwaka 2020 aliwasiliana na kituo chake zaidi ya mara 20, na saratani ilipogunduliwa ilikuwa imeshaenea. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Wazazi wake walipigania jambo hili miaka kadhaa, na Septemba 2025 England ikatangaza kanuni inayobeba jina lake: mgonjwa akirudi mara tatu kwa dalili zilezile, au zinazidi, daktari asimame, afikiri upya, amchunguze tena kama vile hajawahi kumwona. Ukirudi mara ya tatu, itaje: hii ni mara ya tatu kwa jambo hilihili.

Na ukipata daktari anayekusikiliza, mshike. Unayo haki ya kusema ungependa kuonana na daktari fulani, nasi tunapaswa kujitahidi kulitimiza ombi hilo. Kwa kidonda cha koo haijalishi ni nani. Kwa presha, sukari, huzuni isiyoisha, au maumivu yasiyojulikana chanzo, ni afadhali usubiri wiki moja zaidi umpate yuleyule, maadamu si jambo la haraka. Watafiti wa Norway waliofuatilia kumbukumbu za mamilioni ya wagonjwa waligundua kwamba waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 walilazwa hospitali mara chache zaidi, na uwezekano wao wa kufa ulikuwa mdogo kwa takriban robo, ukilinganisha na waliokaa naye mwaka mmoja. Daktari anayekujua huona uso wako umebadilika kabla hujafungua mdomo.

Tangu mwaka 2015 kila mgonjwa aliyeandikishwa England anatakiwa awe na daktari mmoja mwenye jina, anayewajibika kwa matunzo yake. Ni wachache wanaolijua jina hilo. Uliza mapokezi: daktari wangu niliyepangiwa ni nani? Liandike mahali unapoweka dawa zako.

Yule mama wa Pemba nilimwulizia siku ile. Jina la daktari wake lilikuwa kwenye faili kwa miaka minne, na hakuna aliyewahi kumwambia. Lilikuwa jina langu. Tulikuwa ndiyo kwanza tunaonana, karatasi ya kalenda ipo mezani katikati yetu.