Sinki na Kioo cha Antonio López

Mwanafunzi akiniambia kwao hakuna cha kuchora, humwonyesha sinki la bafuni la Antonio López García. Mhispania huyu alizaliwa Tomelloso mwaka 1936, akafunzwa kuchora na ami yake. Sinki lile alilichora mwaka 1967, rangi za mafuta juu ya ubao. Hakulipamba. Vigae, bomba, vifaa vya kunyolea, na kioo cha kujitazamia ambacho ndani yake hamna mtu.

Itazame picha hiyo katikati. Kuna mkanda unaoigawa picha mara mbili: juu yake unakiona kioo kikiwa usawa wa macho, chini yake unaliona sinki kama mtu aliyeinama. Si kosa la vipimo. Kasimame bafuni kwako, karibu kabisa na sinki, uone kama utaviona vyote viwili bila kuinamisha kichwa. Nilipochora jiko la mkaa la mama, nimelisogelea hadi vumbi la majivu linaonekana ukingoni, nilikutana na tatizo hilohilo, nikalificha kwa kulazimisha mistari ikutane. Jiko likatoka kama limevimba. López aliuacha mshono uonekane, na kwangu hapo ndipo penye ukweli wa picha ile.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Mafuta ya kitani huvuta oksijeni hewani yakaganda polepole, kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mchoraji ana nafasi ya kurudi na kurekebisha. López hurudi kwa miaka. Picha ya familia yake mezani, wakila chakula cha jioni, aliianza 1971 akaiacha 1980.

Halafu kuna ule mkwinsi, mti wa matunda ya manjano yanayofanana na pea, alioupanda mwenyewe uani Madrid. Vuli ya mwaka 1990 aliutundikia timazi, yaani uzi wenye kitu kizito unaoonyesha wima, akapigilia misumari ardhini ili kila siku miguu yake ikae palepale. Akatia alama za rangi nyeupe kwenye majani na matunda, apate kujua yameshuka kiasi gani kadiri yanavyoiva na kuelemea matawi. Mvua ikanyesha, jua likawa haba. Akaiweka kando picha ya mafuta, akaanza upya kwa penseli, na bado alikuwa hajamaliza matunda yalipoanza kuanguka.