Maneno ya Kiingereza yanayofanana si lazima yawe ndugu

Hapa Dodoma watu wengi wanaamini tangu shule kwamba maneno ya Kiingereza yakifanana basi yametoka sehemu moja, mfano female imezaliwa na male. Kuamini hivyo ni rahisi maana maandishi yenyewe yanakuvuta huko, ila male asili yake ni masculus ya Kilatini na female ni femella, zote zikapitia Kifaransa cha zamani, halafu Waingereza ndo wakabadili tahajia ya female ifanane na mwenzake. Island na isle nazo si ndugu, ile s ya island ilichomekwa baadaye kuiga isle. Ila shirt na skirt ni ndugu kabisa! Ukitaka kuhakiki fungua kamusi kubwa, hata za bure kwenye simu zipo, soma pale kwenye asili ya neno afu cheki lilikuwa linaandikwaje zamani.