Je, Mtaguso wa Nisea ndio uliochagua vitabu vya Biblia?

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu: mwaka 325 maaskofu walikutana Nisea wakapigia kura Injili, zilizoshindwa zikachomwa moto.

Si kweli. Mkutano ulikuwepo, mahali panapoitwa leo Iznik, Uturuki, lakini ulijadili umungu wa Kristo, tarehe ya Pasaka na nidhamu ya kanisa. Kuhakiki si kazi ngumu. Tafuta kanuni zake 20 uzisome, ni fupi: ya 1 inahusu matowashi, ya 17 inakataza makasisi kutoza riba, ya 20 inataka watu wasali wamesimama siku ya Jumapili. Orodha ya vitabu haimo. Injili 4 zilikwisha kutetewa kwa pamoja yapata mwaka 180, na orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunavyovijua imo katika barua ya Pasaka ya askofu wa Aleksandria, mwaka 367.

Mkanganyiko una chanzo. Mfalme wa Roma kweli aliamuru maandishi ya padre mmoja aliyepingwa pale yachomwe, na baadaye akaagiza nakala 50 za Maandiko. Riwaya za njama huchukua mfalme halisi na mji halisi, kisha zikapachika kura ya kubuni.

Ukiletewa tena, usiusambaze. Mwekee aliyekutumia hizo kanuni 20.