Hela kwenye simu inaongezaje tija shambani?

Sa hivi ukienda semina yoyote ya kilimo, iwe Muheza iwe Korogwe huku Tanga, lazima usikie huduma za fedha za kidijitali zinaongeza tija, watu wanatikisa vichwa, posho inagawiwa, basi. Hakuna anayeuliza zinaongezaje, maana simu haina mbolea ndani.

Tuanze na tija yenyewe. Sio mavuno mengi tu. Mfano wewe umelima mahindi ekari 5 kule Handeni ukapata gunia 30, jirani yako kalima ekari 2 kapata 30 hizo hizo, hapo mavuno mko sawa ila tija yake imekuzidi mara mbili na nusu, na bado hatujagusa hela ya vibarua. Ni kile unachopata kwa kila ulichoweka, iwe ardhi, nguvu au pesa.

Huduma za fedha za kidijitali ndo hizi tunazoishi nazo: kutuma na kupokea kwa simu (M-Pesa ilianza Kenya 2007, kwetu Tanzania ikaingia 2008), Lipa Namba dukani, akiba, vikoba vya kwenye simu, mikopo midogo, bima.

Sasa vinakutana wapi? Kwa maoni yangu mimi vinakutana kwenye muda. Mkulima hela yake inakuja kwa mkupuo, mara moja au mbili kwa mwaka, ila matumizi ya shamba yanakuja wakati mfuko umeshakauka. Mtu wa Muheza akiuza machungwa hela inaingia, hapo hapo kuna ada, kuna harusi ya mtoto wa shangazi, kuna bati, mpaka inafika wakati wa kupalilia na kupiga dawa hana kitu, na dalali analijua hilo vizuri tu, anakuja kununua machungwa yakiwa bado mtini kwa bei anayotaka yeye, na mkulima anapokea maana shida haina adabu. Mwaka unaofuata miti haijapata matunzo, inazaa kidogo, hadithi ile ile.

Malawi watafiti walijaribu kitu kwenye hilo. Wakulima wa zao la biashara wengine walilipwa taslimu kama kawaida, wengine wakapewa nafasi hela zao ziingie moja kwa moja kwenye akaunti za benki za majina yao. Hao wa pili walikuwa na akiba zaidi karibu na msimu wa kupanda, wakanunua pembejeo zaidi, na mauzo ya mazao yakapanda. Hapo hakuna aliyefundishwa kulima upya, labda hela ilikaa tu sehemu ambayo sio rahisi kuichomoa kila mtu akipiga hodi. Kiukweli kwa simu hilo ni gumu kidogo, maana hela ya kwenye simu ukibonyeza tu imeondoka, labda uifungie kwenye akiba.

Njia ya pili ni shida za ghafla. Mtoto akiumwa, ndugu aliyeko Dar anatuma na ya kutolea, wewe huuzi mbegu uliyoweka wala mbuzi. Utafiti wa wachumi Jack na Suri kule Kenya ulionyesha familia zenye M-Pesa zikipata pigo kama hilo hazikubani matumizi kama wasiokuwa nayo.

Mikopo ya simu ndo mimi naiogopa. Mingi unatakiwa urudishe ndani ya mwezi, mahindi yanataka miezi 3 au 4, mchungwa wa kupandikiza unakaa kama miaka 3 ndo uone matunda ya maana. Sasa unalipa na nini? Unakopa kwingine kulipa huku, na watu hawakukosea kuiita kausha damu.

Bima ya hali ya hewa nayo ina lake, inalipa kwa kuangalia mvua ilivyopimwa na sio shamba lako lilivyo. Tanga hii Amani kule juu mvua kibao, ukishuka tambarare ya Handeni vumbi, kwa hiyo kipimo kikiwa mbali na shamba unaweza ukaunguliwa na mahindi na usilipwe.

Halafu kuna makato. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo ya miamala watu walipiga kelele mpaka ikapunguzwa, ila hata bila tozo mkulima akilipwa laki 4 anaitoa yote siku hiyo hiyo na kukatwa ya kutolea, na siku ya gulio anakuta wakala anamwambia floti (hela ya kwenye simu) ipo ila keshi imeisha, nina laki tu, rudi kesho.

Ndo maana duka la pembejeo lenye Lipa Namba kijijini lina faida kubwa kuliko inavyoonekana, hela inatoka kwenye simu inakuwa mbolea bila kupita mfukoni. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 nayo ilipita kwenye mfumo wa kidijitali, mkulima anasajiliwa kisha ananunua kwa bei ya ruzuku kwa wakala wa mbolea. Ila wakala akiwa mjini na wewe uko ndani huko, mfuko wa kilo 50 unapanda bodaboda, na nauli ya bodaboda haina ruzuku.