Pasiphae wa Thalamai: mungu wa kike wa mwezi na ndoto za watawala

Wengi wakisikia jina Pasiphae hukumbuka kisa cha Krete: mke wa mfalme Minos, mama wa Minotauro, nusu mtu nusu fahali. Ninayemfuatilia mimi ni yule wa Thalamai, magharibi ya mlima Taygetos, kusini mwa Ugiriki. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anasema Pasiphae ni jina la sifa la Mwezi. Hekalu lenyewe analiita la Ino, mungu wa kike mwingine, ilhali Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa maisha ya watu mashuhuri, anasema ni la Pasiphae. Nje Pausanias aliona sanamu mbili za shaba, moja ya Pasiphae na nyingine ya Jua. Ya ndani hakuiona sawasawa kwa sababu ya mashada ya maua yaliyoifunika.

Delphi, mahali maarufu pa uaguzi, kulikuwa na kuhani wa kike aliyenena kwa niaba ya mungu Apollo. Lakini Thalamai, mwenye shida alikwenda kulala hekaluni, na mungu akamwonyesha ndotoni alichotaka kujua. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anaandika kwamba hata watawala wa Sparta, dola ya upande wa pili wa Taygetos, walilala kwa Pasiphae ili waote. (Yeye anadai hekalu lilikuwa karibu na mji wa Sparta, basi ama aliuruka mlima mzima, ama alikuwa na hekalu jingine akilini.) Utaratibu huo una jambo moja zito: aliyeota ndiye shahidi pekee wa kauli ya mungu, na aliyeota akiwa kiongozi, nani atambishia?

Mnamo 243 KK hivi, mfalme Agis wa Nne alitaka madeni yafutwe na ardhi igawanywe upya. Kwenye mkutano wa wananchi wafuasi wake walitaja uaguzi wa Pasiphae: Wasparta wote wawe sawa, kama sheria ya Lycurgus, mtunga sheria wao wa kale, ilivyoagiza. Matajiri hawakushawishika, na mwaka 241 KK Agis aliuawa.

Cleomenes wa Tatu, mfalme wa baadaye wa Sparta, alikuwa mjanja zaidi. Maefori, yaani wakuu watano waliochaguliwa kila mwaka kuwadhibiti hata wafalme, walikuwa na viti vyao vya kazi. Mmoja wao alilala hekaluni, akaota viti vinne vimeondolewa, kimebaki kimoja, na sauti ikisema hivyo ndivyo bora kwa Sparta. Cleomenes aliposimuliwa alidhani anategwa, kisha akaamini. Mwaka 227 KK akatuma watu wakawavamia maefori wakiwa kwenye chakula cha jioni. Wanne wakafa. Wa tano, Agylaios, alianguka akajifanya maiti, kisha akatambaa hadi hekalu dogo la Hofu, akanusurika. Kesho yake Cleomenes akaondoa viti vyote isipokuwa kimoja, ambacho alikusudia kukikalia mwenyewe.

Ndoto imelingana na tukio kupita kiasi. Plutarch, anayesimulia kisa hiki, alimtegemea sana mwanahistoria Phylarchus, na Phylarchus alikuwa shabiki wa Cleomenes. Mimi nashuku ndoto hiyo ilianza kusimuliwa viti vikiwa vimeshatolewa.