Injini ya dizeli "inagonga": maana yake ni nini hasa?

Katika gereji zetu neno "kugonga" limebebeshwa mzigo kuliko nguvu zake. Injini ikipiga kelele dakika tano za asubuhi kisha ikatulia, fundi atasema inagonga. Beringi ya konrodi, ile inayozunguka chini ya mkono wa pistoni, ikiwa imekwisha kabisa, atasema vilevile. Nozeli moja, yaani kile kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, ikianza kuvuja, jibu ni hilohilo. Kisha inatajwa dawa moja kwa wote: ovaholi, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya. Hilo linaniuma, kwa sababu ovaholi ni fedha ya mtu, na nimeshuhudia injini nzima zikifunguliwa kwa ugonjwa uliokuwa ndani ya nozeli moja tu.

Nitaeleza kwa mfano wa Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, ile tunayoiita mkonga. Toyota walianza kuifunga injini hiyo mwaka 1990. Ina silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na pampu moja inayogawa dizeli kwa nozeli kwa zamu, bila kompyuta. Huku kwetu imebeba watalii, wagonjwa, maiti, mbolea na mabomba ya maji, na nyingi bado zipo barabarani.

Injini ya dizeli haina plagi ya kurusha cheche. Moto wake unatokana na hewa kubanwa. Kwenye 1HZ, hewa iliyojaa silinda inabanwa hadi kubaki sehemu moja ya 22 hivi ya nafasi iliyokuwa nayo, na kwa kubanwa huko joto lake linapita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli inapuliza dizeli, nayo inawaka yenyewe.

Ila haiwaki papo hapo. Matone lazima yapate joto, yageuke mvuke na kuchanganyika na hewa, ndipo moto ushike. Kati ya nozeli kufunguka na moto kushika kuna muda mdogo sana, kama sehemu ya elfu moja ya sekunde. Huo ni muda wa kusubiri, na mlio unaousikia unazaliwa humo.

Kumbuka jiko la gesi. Ukiwa na kiberiti kinachowaka mkononi kisha ukafungua gesi, moto unashika taratibu. Ukifungua gesi kwanza, ukaanza kutafuta kiberiti, ukikipata na kukiwasha unasikia "vuu!" na nyusi zinanuka. Nozeli nayo haijui kwamba moto haujashika, inaendelea kupuliza. Muda wa kusubiri ukiwa mfupi, dizeli iliyojikusanya ni kidogo na inaungua kwa upole. Ukirefuka, dizeli nyingi inalipuka kwa mkupuo, presha inapanda ghafla, na bloku nzima inalia kama imepigwa nyundo. Hiyo ndiyo maana ya injini ya dizeli kugonga. Kila dizeli inagonga kidogo, na ndiyo maana hata ukiwa umefumba macho unaitofautisha na ya petroli.

Kinachorefusha muda huo ni kitu chochote kinachoinyima dizeli joto au kuiharibu isipulizwe vizuri. Baridi ni ya kwanza. Betri iliyochoka ni nyingine, maana stata ikizungusha injini polepole, joto la hewa iliyobanwa linanyonywa na chuma kabla halijafanya kazi. Kuna hita plagi zilizokufa, yaani zile plagi za umeme zinazopasha joto kabla ya kuwasha, nozeli inayotoa matone makubwa badala ya ukungu, na pampu iliyofungwa taimingi ya mapema mno, ikawa inapuliza dizeli wakati hewa haijapata moto wa kutosha. Mafuta yaliyochakachuliwa nayo yamo. Wanaokumbuka Tanzania kabla ushuru wa mafuta ya taa haujapandishwa mwaka 2011 wanajua dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilivyokuwa ikizifanya injini zilie.

Sasa utaona kwa nini kusumbua kuwaka asubuhi na kugonga asubuhi mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Muda wa kusubiri ukirefuka, injini inagonga. Ukirefuka zaidi, pistoni inaanza kushuka na moto haujashika, dizeli inatoka mbichi kwenye ekzosi. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya tano kuliko Dar es Salaam, na asubuhi za Juni na Julai vidole vinakufa ganzi kwenye spana. Mkonga uliokuwa ukiwaka kwa kugusa tu kule Kurasini, huku unaweza kugoma siku ya kwanza. Safari haikuuharibu. Ulikuja na hita plagi mbovu, na joto la pwani lilikuwa likiuficha ugonjwa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa spana, mtu mmoja apige stata na mwingine asimame nyuma atazame ekzosi. Ukitoka moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli, mafuta yanafika ila hayapati joto. Kagua betri na hita plagi. Ondoa kabisa kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, chukua taa ndogo ya kupimia, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha kila hita plagi. Taa isipowaka, hiyo imekufa. Zote zikiwa nzima, pima kama umeme unazifikia unapofungua swichi, maana rilei, ile swichi ya umeme inayozilisha, nayo hufa.

Usipotoka moshi wowote, dizeli haifiki. Hapo shuku hewa: usiku dizeli imerudi kwenye tangi kupitia mpira uliopasuka au sili ya filta iliyochoka. Bonyezabonyeza kwa mkono kile kitufe kilicho juu ya filta mpaka kiwe kigumu, kisha washa. Ikiwaka vizuri, ugonjwa umejulikana. Na ninakuomba sana, usikubali mtu apulize dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa ya injini yenye hita plagi. Inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja ringi au pistoni.

Tuseme imewaka, na inagonga. Kuna mzee mmoja, mfanyabiashara wa viazi, aliniletea mkonga wake Julai moja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, gereji mbili zimeniambia ovaholi. Na wewe ukisema hivyo, naliuza." Asubuhi ile gari lilikuwa linalia vibaya, moshi ukitambaa chini kama ukungu. Nililiacha lizunguke kwenye sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, nikachukua spana namba 17 na kuanza kulegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine, kiasi cha dizeli kuchuruzika tu, huku kitambaa kikiwa chini yake.

Nililegeza ya kwanza, injini ikatetema na kupoteza nguvu. Nikaikaza, ikarudi. Ya pili na ya tatu, hivyohivyo. Nilipolegeza ya nne, ule mlio ulikatika palepale, kama mtu aliyezibwa mdomo, na injini haikutetema sana. Nikaikaza, mlio ukarudi. Mzee alikuwa ameinama pembeni, akaniambia, "Fanya tena." Nikafanya tena. Tuliichomoa nozeli ile, tukaipeleka kwa fundi wa pampu. Kwenye mashine ya kupimia, nyingine zilitoa ukungu. Ile ilitoa uzi mmoja wa dizeli, na ncha yake ikabaki inadondosha. Tukabadilisha ncha, tukaweka washa mpya za shaba, gari likaondoka na viazi siku iliyofuata.

Maana ya kipimo hicho ni rahisi. Ukilegeza nati, silinda ile haipati moto, kwa hiyo mlio uliotokana na moto wake lazima ufe. Nozeli kama ile isiachwe kwa sababu gari "linavumilia": dizeli inayodondoka mahali pamoja hutoboa pistoni, na hapo ovaholi inakuwa ya kweli. Kipimo hiki ni cha injini za zamani tu. Kwenye dizeli za kisasa zenye komonireli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, usithubutu kulegeza bomba injini ikiwaka, presha yake inapenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini.

Kuna milio isiyotokana na moto kabisa. Tiktiki nyepesi juu ya injini huwa ni valvu zilizoachia nafasi, na kwenye 1HZ zinarekebishwa kwa visahani. Alteneta ya mkonga ina pampu ya vakyumu ya breki mgongoni mwake, nayo ikichakaa inagonga ukadhani ni krenki, mhimili mkuu wa injini. Vua mikanda ya mbele, isipokuwa wa taimingi, washa kwa dakika moja tu, usikilize. Au weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye alteneta, mpini sikioni.

Beringi ya konrodi inajitofautisha na joto. Mlio wa dizeli hupungua injini ikipata moto. Wa beringi huzidi, kwa kuwa oili imekuwa nyepesi, nao ni mzito, unatokea chini, na unasikika zaidi ukikanyaga mafuta kisha ukaachia. Ukiusikia mlio kama huo, hata kama kulegeza nati moja kumeupunguza, zima gari, mwaga oili kwenye beseni safi, uipeleke juani na kuikoroga kwa kidole. Ukiona chengachenga zinazong'aa, usiliwashe tena. Livutwe hadi gereji.